Mkate wa Sikukuu Unaookwa Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Familia Inayotaka Kuufanya Desturi

Watu wengi wanaposhindwa kuoka mkate wa sikukuu hudhani kwamba kosa ni la mikono yao, ilhali mara nyingi kosa ni la saa. Donge lenye maziwa, mayai, sukari na siagi huumuka polepole kuliko donge la unga, maji na chumvi. Oveni siku hiyo inasubiriwa na vyakula vingine. Na anayekanda ndiye huyo huyo anayeitwa kufungua mlango, kutafuta kitambaa cha meza na kuwakaribisha wageni. Mwaka wa kwanza nilipojaribu kuoka mkate wa aina hii nilianza kukanda asubuhi ya sikukuu yenyewe. Mkate ulitoka mzuri, lakini ulitoka sahani zikiwa zimeshaoshwa, na watoto niliowaahidi kwamba tungeusuka pamoja walikuwa wamekwisha kulala. Jambo hilo liliniuma, na tangu hapo huanza na saa ya kukaa mezani, kisha nikahesabu kurudi nyuma. Mwongozo huu umepangwa kwa kufuata hesabu hiyo.

Familia inayotaka mkate uwe sehemu ya sikukuu yake kila mwaka inahitaji mambo mawili kabla ya ustadi wowote: ratiba inayowapa watu wa nyumbani nusu saa ya kufanya kazi pamoja bila haraka, na vipimo vilivyoandikwa, ili mwaka ambao mwokaji wa kawaida hayupo mtu mwingine aweze kushika nafasi yake.

Kuhesabu kutoka mezani kurudi nyuma

Tuchukulie kwamba chakula kinaanza saa saba mchana. Mkate wenye uzito unaokaribia kilo moja unahitaji zaidi ya saa moja ya kupoa, kwa sababu unapotoka ovenini wanga wake bado haujatulia na mvuke bado unatafuta njia ya kutoka. Ukikatwa ukiwa wa moto hung'ang'ania kisu, na ndani huonekana kama haujaiva. Ni vyema basi utoke ovenini kabla ya saa tano. Kuoka kwenyewe huchukua dakika 30 hadi 35, hivyo uingie yapata saa nne. Kabla ya hapo, mkate uliokwisha kusukwa unahitaji saa moja na nusu hadi saa mbili za kuumuka, hivyo kusuka kuanze saa mbili asubuhi. Usiku wote uliotangulia donge linakaa kwenye friji, na kukanda kunafanyika kuanzia saa moja jioni ya mkesha.

Usiku huo wa friji ndio ninaousisitiza kuliko hatua nyingine zote. Baridi ya nyuzi 4 hivi haiui hamira, bali huipunguzia kasi, na katika saa hizo nyingi ladha ya mkate hukomaa kwa namna ambayo saa mbili za joto haziwezi kuifikia. Siagi nayo huganda, na donge ambalo jioni lilikuwa laini na lenye kunata huwa asubuhi gumu kiasi, rahisi kushikwa hata na mtoto wa miaka sita. Zaidi ya hayo, mkate ukiwa umetoka kabla ya saa tano, oveni inabaki huru kwa mpishi wa vyakula vingine, na ugomvi wa jikoni unakuwa umeepukwa.

Vipimo

Kwa mkate mmoja mkubwa unaotosha watu wanane hadi kumi, andaa:

gramu 500 za unga wa ngano mweupe
mililita 200 za maziwa
mayai 2, na yai jingine 1 la kupaka
gramu 75 za sukari
gramu 75 za siagi laini isiyoyeyushwa
gramu 9 za chumvi
gramu 7 za hamira kavu

Hamira mbichi hutumika mara tatu ya uzito wa ile kavu, yaani gramu 20 hivi. Ukiweza kuchagua unga, chukua ule ambao maelezo ya mfuko yanaonyesha protini ya asilimia 11 au zaidi, kwa kuwa protini hiyo ndiyo inayojenga gluteni, na gluteni ndiyo inayoubeba mkate usianguke chini ya uzito wa mayai na siagi. Tumia mizani. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kutofautiana kwa gramu 30 kulingana na jinsi kilivyojazwa, na katika mkate wenye vikombe vinne tofauti hiyo inatosha kugeuza donge laini kuwa donge kavu.

Wanaopenda zabibu kavu au maganda ya chungwa yaliyopikwa kwa sukari waongeze gramu 100 hadi 150 kwa jumla. Zabibu zilowekwe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 20, zichujwe na kukaushwa kwa kitambaa, la sivyo zitanyonya maji ya donge na kuuacha mkate mkavu kuzizunguka. Iliki iliyosagwa au kungumanga kidogo inaweza kuingia moja kwa moja kwenye unga. Mdalasini ni bora upakwe ndani ya kamba za donge au unyunyizwe juu, kwani ukiwa mwingi ndani ya donge huizuia hamira kufanya kazi yake.

Jioni ya mkesha

Chemsha maziwa kisha uyaache yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 35 na 38. Tone moja likidondoshwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono lisihisiwe kuwa la moto wala la baridi. Kuchemsha ni kwa ajili ya usalama ikiwa maziwa ni mabichi, lakini kuna faida nyingine: maziwa ambayo hayajachemshwa yana protini zinazoulegeza ushikamano wa donge, na moto huzibadilisha. Kupoza nako ni kwa lazima, kwa sababu joto linalokaribia nyuzi 60 huiua hamira.

Nyunyiza hamira juu ya maziwa pamoja na kijiko kidogo cha sukari iliyopimwa, koroga, na usubiri dakika 10. Ikitoa povu, endelea. Isipotoa, usijidanganye kwamba itaamka baadaye. Mwaga na uanze na hamira nyingine, maana mililita 200 za maziwa ni hasara ndogo ikilinganishwa na unga, mayai na siagi vitakavyofuata.

Katika bakuli kubwa changanya unga, sukari iliyobaki na chumvi. Fanya shimo katikati, mimina maziwa yenye hamira pamoja na mayai yaliyopigwa kidogo, kisha uchanganye mpaka pasibaki unga mkavu. Funika na uache dakika 15 bila kugusa. Katika muda huo unga hunywa maji na gluteni huanza kujijenga yenyewe, jambo linalokupunguzia kazi ya mikono. Ukiona donge ni gumu mno na linapasuka, ongeza maziwa kijiko kimoja kimoja. Unga hautofautiani kwa jina tu bali hata katika kiasi cha maji unachoweza kunywa.

Sasa kanda kwa dakika 8 hadi 10 juu ya meza isiyo na unga. Donge litanata mwanzoni, na mkono utashawishika kunyunyiza unga. Usinyunyize. Mkate mkavu wa sikukuu mara nyingi umezaliwa katika dakika hii, kwa konzi mbili za unga ambazo hakuna aliyezipima. Tumia kikwaruzio au upande butu wa kisu kulikusanya donge, endelea kukanda, na utaona likianza kuachana na meza lenyewe.

Siagi ndiyo inayoingia mwisho, vipande vidogo vidogo, kila kipande kikisubiri kile cha kabla yake kimezwe na donge. Sababu ya kuichelewesha ni kwamba mafuta huzifunika protini za unga na kuzizuia zisishikane; donge lililokwisha kujijenga huyapokea mafuta bila kubomoka. Litaonekana kuharibika kwa dakika mbili au tatu, likiteleza na kuchanika. Vumilia. Kanda dakika nyingine 8 hivi, kisha ujaribu: chukua kipande cha ukubwa wa ndimu, kivute taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili mpaka kiwe utando mwembamba unaopitisha mwanga. Utando ukichanika mapema ukiwa na kingo zenye kukwaruza, donge linahitaji dakika chache zaidi. Zabibu ziingizwe baada ya jaribio hili.

Liweke donge katika bakuli lililopakwa mafuta, lifunike, na liache jikoni kwa saa moja ili lianze kuumuka. Halafu libonyeze kidogo kutoa hewa, lifunike vizuri lisikauke juu, na uliingize kwenye friji kwa saa 10 hadi 14. Bakuli liwe na nafasi ya donge kuongezeka maradufu.

Asubuhi: kazi ya watu wote

Hii ndiyo nusu saa ambayo kwangu inaubeba mkate wote, na inastahili kulindwa kwa kukubaliana mapema kwamba saa mbili asubuhi kila aliyeamka anakuja mezani na mikono iliyooshwa. Kazi zigawanywe kwa kadiri ya uwezo. Mdogo kabisa apime vipande kwenye mizani, kwa sababu kusoma namba humfurahisha na hakuharibu kitu. Wakubwa kidogo wazungushe kamba. Mtu mzima mmoja asimamie oveni. Waelezwe watoto kwamba donge bichi halionjwi, kwa sababu ya mayai mabichi na pia kwa sababu unga wenyewe haujapitia moto na unaweza kubeba vijidudu.

Donge lote lina uzito wa gramu 960 hivi. Ligawe sehemu tatu za gramu 320, na ikiwa uliongeza zabibu, pima upya na ugawe kwa tatu. Kila sehemu ibonyezwe iwe bapa, ikunjwe kama barua, kisha isukumwe kwa viganja kutoka katikati kuelekea ncha mpaka iwe kamba ya sentimita 40. Kamba ikirudi nyuma na kufupika, iache ipumzike dakika 10 huku ukishughulikia nyingine, kuilazimisha kutaichana. Katikati iwe nene kidogo kuliko ncha, ili mkate uwe na tumbo.

Panga kamba tatu sambamba juu ya karatasi ya kuokea na uanze kusuka kutoka katikati. Wengi huanzia ncha moja, na mkate wao huwa umebanwa upande mmoja na kulegea upande wa pili, kwa kuwa kamba hurefuka kadiri zinavyoshikwa. Ukianzia katikati, suka kuelekea kwako: ya kulia ipite juu ya ya kati, kisha ya kushoto ipite juu ya ile iliyo kati sasa, mpaka mwisho, geuza karatasi na umalizie upande wa pili. Huko utakuta kwamba kamba zinapaswa kupita chini badala ya juu ili mchoro ulingane. Usibane sana, kwani donge litahitaji mahali pa kupanukia. Ncha zifinywe na kukunjwa chini.

Anayesuka akikosea, mwache amalize. Mkate uliosukwa kombo huumuka na kuiva sawasawa na ulionyooka, na mtoto aliyefumuliwa kazi yake mbele ya watu hatarudi mezani mwaka unaofuata.

Paka yai lililopigwa pamoja na kijiko cha maziwa na chumvi kidogo sana. Chumvi hulilegeza yai likapakika kwa wepesi. Funika mkate kwa bakuli kubwa lililopinduliwa au kitambaa chepesi, na uuache uumuke. Saa moja na nusu ni makadirio tu, maana donge limetoka kwenye baridi na jikoni moja si jikoni nyingine. Kipimo cha kuamini ni kidole: bonyeza ubavuni polepole. Alama ikirudi mara moja, bado. Ikirudi taratibu na kuacha dalili ndogo, uingize ovenini. Isiporudi kabisa, umechelewa, na mkate utatandaa ovenini badala ya kupanda. Ukiwa na muda, fumua, kunja, suka upya na usubiri tena, jambo ambalo linaweza kufanyika mara moja tu.

Kuoka

Washa oveni dakika 20 kabla, kwa nyuzi 180. Paka yai mara ya pili, safari hii ukiingiza brashi katika mifereji ya msuko, kisha nyunyiza ufuta au sukari ya chenga ukipenda. Weka trei chini kidogo ya katikati. Baada ya dakika 20 angalia rangi: sukari, maziwa na mayai hufanya mkate uwe kahawia mapema sana, na rangi hiyo huwadanganya wengi kuutoa wakati ndani bado ni donge. Ukiwa umeshakolea, ufunike kwa karatasi ya foili na uuache umalizie. Mwenye kipimajoto akichome katikati. Kikisoma kati ya nyuzi 88 na 92, mkate umeiva. Asiye nacho aingize kijiti chembamba cha mbao katika makutano ya kamba katikati ya msuko, sehemu inayoiva mwisho, na kijiti kitoke kikavu.

Uhamishie kwenye wavu wa kupozea mara moja, la sivyo mvuke utalowanisha tako lake. Ukiona nyufa nyeupe zimefunguka kati ya kamba, mkate uliingia ovenini kabla ya kuumuka vya kutosha. Ukiwa mzito na wenye chembe zilizobanana, donge halikukandwa vya kutosha au hamira ilikuwa dhaifu.

Kama wageni ni wengi na unahitaji mikate miwili, zidisha kila kitu kwa mbili lakini usisuke yote kwa wakati mmoja. Nusu ya pili ibaki kwenye friji, itolewe dakika 40 baada ya ya kwanza. Hapo kila mkate utaingia ovenini kwa zamu yake ukiwa katika hali ileile.

Kuyachukua mapishi kutoka kwa mzee asiyetumia vipimo

Huenda nyumbani kwenu tayari kuna mkate wa sikukuu, ila uko mikononi mwa bibi au shangazi anayesema "unga wa kutosha" na "maziwa mpaka lilainike". Maneno hayo si ukaidi. Yeye hupima kwa vidole, na vidole vyake ni sahihi. Usimwombe akuambie vipimo, kwani atakisia na makisio yatakupotosha. Mwombe aoke kama kawaida, nawe upime pembeni. Weka mfuko wa unga kwenye mizani kabla hajaanza na uupime tena alipomaliza. Tofauti ndiyo kipimo chake. Fanya vivyo hivyo kwa chupa ya maziwa, kopo la sukari na siagi iliyobaki katika karatasi yake. Chumvi na hamira, ambazo huzichukua kwa vidole, mwombe azitie kwanza kwenye kisahani kilicho juu ya mizani ndogo.

Rekodi mikono yake kwa simu wakati wa kukanda, na katika kila hatua muulize swali moja: "Umejuaje kwamba imetosha?" Majibu ya swali hilo, kwamba donge linafanana na ndewe ya sikio, au kwamba limeacha kulia likipigwa mezani, yana thamani sawa na gramu zako, na yaandikwe kwa maneno yake mwenyewe.

Rudia mara mbili, ukiweza, kisha ugawe uzito wa kila kitu kwa uzito wa unga na kuzidisha kwa 100. Katika mapishi niliyoyatoa hapa sukari ni asilimia 15, siagi 15 na chumvi 1.8. Ukikuta mkate wa bibi una sukari ya asilimia 25, utaelewa kwa nini yeye huumua usiku kucha bila friji: sukari nyingi huvuta maji kutoka kwa hamira na kuichelewesha. Bila hesabu hiyo ungefuata saa za mapishi mengine na kudhani kwamba mkate wake umekushinda.

Wageni wenye miiko, na kilichobaki

Uliza mapema. Kwa asiyekula maziwa, weka maji badala ya maziwa na gramu 60 za mafuta ya kupikia badala ya gramu 75 za siagi, kwa kuwa sehemu ya siagi ni maji. Kwa asiyekula mayai, ongeza mililita 75 za maziwa na upake juu maziwa badala ya yai. Mkate utakuwa mweupe zaidi lakini laini. Ufuta uachwe kabisa ikiwa kuna mtu anayedhurika nao.

Mkate uliobaki usiwekwe kwenye friji, ambako wanga hurudi kuwa mgumu upesi kuliko juu ya meza. Ufungwe vizuri ukae siku mbili jikoni, au ukatwe vipande na kugandishwa kwenye friza hadi mwezi mmoja. Ukitaka kuupasha, ufunge kwa foili na uuweke ovenini kwa nyuzi 150 kwa dakika 10 hivi. Ulaini utarudi kwa muda, na uliwe papo hapo. Vipande vilivyokauka vichovywe katika yai lililopigwa na maziwa, kisha vikaangwe kwa siagi asubuhi ya pili.

Usiku huohuo, kabla ya kulala, fungua daftari la familia na uandike saa halisi mkate ulipoingia ovenini na ulipotoka, kama jikoni kulikuwa na joto au baridi, kiasi cha maziwa ulichoongeza, na jina la aliyesuka.